Cheti cha Harvard, Shahada ya Moscow na Deni la Dola 78,000: Uchambuzi wa Kisa cha Programu Moja ya Uigizaji

Januari 2017 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa orodha ya programu za masomo ambazo wahitimu wake walikuwa na madeni yasiyobebeka kwa vipato vyao. Zilizofeli zilizidi 800, na asilimia 98 kati yake zilikuwa za vyuo vya kibiashara, yaani vinavyoendeshwa kwa ajili ya faida, vyuo ambavyo watu walishazoea kuvisikia katika lawama za aina hiyo. Katika zile chache zilizobaki kulikuwamo moja ya Harvard. Ilikuwa programu ya kufundisha waigizaji waliokwisha kupata shahada ya kwanza.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu kinatenganisha maswali mawili ambayo waombaji wa masomo ya uigizaji huyachanganya, na gharama ya kuyachanganya ni miaka mingi ya maisha yao. Swali la kwanza: je, mafunzo haya ni mazuri? Swali la pili: je, kwa masharti haya, yatamwacha mwanafunzi akiwa na nafasi ya kuigiza? Programu inaweza kulijibu la kwanza vizuri sana ikaanguka kwenye la pili. Naamini ndicho kilichotokea hapa.

Programu yenyewe

Robert Brustein aliongoza shule ya drama ya Yale kuanzia 1966 hadi 1979. Alipotoka huko alihamia Harvard, na mwaka 1980 akaanzisha jumba la maonyesho la American Repertory Theater katika mji wa Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1987 ikazaliwa taasisi ya mafunzo kando ya jumba hilo. Wazo lake lilikuwa la kuvutia, na bado linavutia: mwanafunzi asikae darasani akisimuliwa habari za jukwaa, bali ajifunze pembeni ya kundi la waigizaji wa kulipwa, aone tamthilia ikijengwa tangu usomaji wa kwanza mezani hadi taa zinapowashwa mbele ya watazamaji.

Baadaye taasisi ikaungana na shule ya Moscow Art Theatre. Kwa mtu wa uigizaji jina hilo lina uzito wake. Jumba hilo la Urusi liliasisiwa mwaka 1898 na Konstantin Stanislavski pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, na shule yake ilifunguliwa mwaka 1943. Karibu kila mbinu ya uigizaji inayofundishwa Marekani, iwe ya Lee Strasberg, ya Stella Adler au ya Sanford Meisner, ina mzizi wake kwa Stanislavski, hata pale walimu hao walipogombana juu ya alichomaanisha. Wanafunzi wa Harvard walikwenda kukaa Moscow miezi kadhaa, wakifundishwa sauti, mwili na uigizaji na walimu wa huko. Kozi nzima ilichukua kama miaka miwili, wakati shahada nyingi za uzamili za uigizaji Marekani huchukua mitatu.

Mwishoni mwanafunzi aliondoka na karatasi mbili: cheti kutoka Harvard, na shahada ya uzamili ya sanaa, ile inayoitwa MFA, kutoka shule ya Moscow.

Karatasi mbili

Hapa ndipo mwombaji makini angesimama akasoma mara mbili. Jina lililomvuta lilikuwa Harvard, lakini Harvard haikumpa shahada. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu katika fani hii MFA ndiyo shahada ya juu ya utendaji. Mwigizaji anayetaka kuja kufundisha chuo kikuu, na wengi huishia kutaka hivyo wafikapo miaka arobaini, huulizwa kwanza kama anayo. Mhitimu wa programu hii alikuwa nayo, ila ya kutoka nchi nyingine, na ni juu yake kumweleza kila mwajiri kwa nini cheti kinasema Harvard na shahada inasema Moscow. Inawezekana kabisa kueleza. Ila mtu anapaswa kulijua hilo kabla ya kusaini, siyo siku ya usaili wa kazi.

Mgawanyiko huohuo wa karatasi ndio ulioiingiza Harvard kwenye orodha ya wizara. Kanuni iliyotumika ilizihusu programu zote za vyuo vya kibiashara, lakini kwa vyuo vikuu vya umma na visivyo vya faida ilizihusu zile zinazotoa cheti tu. Programu za shahada katika vyuo hivyo hazikuguswa. Maana yake ni kwamba shahada nyingi za MFA za uigizaji katika vyuo vikuu vingine, ambazo baadhi yake zilitoza ada kubwa na kukopesha vilevile, hazikuwahi kupimwa. Kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni, mmoja ndiye aliyewekewa kipimajoto. Waliobaki hawakuwa wazima kwa sababu hiyo. Walikuwa hawajapimwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba kisa hiki kinathibitisha kuwa programu ya Harvard ilikuwa mbaya kuliko nyingine anasema zaidi ya alichonacho mkononi. Kinachothibitika ni kwamba namba zake zilionekana. Mwombaji wa programu nyingine yoyote ana haki ya kuuliza: za kwenu ziko wapi?

Hesabu

Namba zilizotolewa ni hizi. Deni la kati la mkopo wa serikali kwa wahitimu lilikuwa kama dola 78,000. Yaani nusu yao walidaiwa zaidi ya hapo na nusu pungufu. Kipato chao kilikuwa kama dola 36,000 kwa mwaka.

Kanuni ilikuwa na vipimo viwili. Programu ilifeli ikiwa malipo ya mkopo kwa mwaka yalizidi asilimia 12 ya kipato chote, na wakati huohuo yakazidi asilimia 30 ya kipato kinachobaki baada ya kuondoa fedha ya kujikimu. Fedha hiyo ya kujikimu ilihesabiwa kuwa mara moja na nusu ya mstari rasmi wa umaskini. Kwa mtu mmoja wa wakati ule, ukiiondoa kwenye dola 36,000 hubaki karibu dola 18,000. Kwa wahitimu wa programu hii, malipo ya chini kabisa ya mkopo yalimeza asilimia 44 ya kiasi hicho kilichobaki.

Asilimia hazimwingii mtu akilini mpaka azione kwenye mwezi wake. Nimejipigia hesabu mwenyewe kwa riba ya asilimia 6 na muda wa miaka 15, makadirio ambayo wala si ya kutisha. Deni la dola 78,000 linadai dola 658 kila mwezi, kama dola 7,900 kwa mwaka, na hadi mwisho mkopaji amelipa zaidi ya dola 118,000. Ukibana muda uwe miaka 10, malipo ya mwezi yanapanda hadi karibu dola 866. Na hapo kodi ya nyumba haijaguswa, wala picha za kutuma kwa mawakala, wala nauli za kwenda usaili, wala kodi ya serikali, ambayo hukatwa kwanza kutoka kwenye zile 36,000.

Sasa mfuatilie mhitimu huyo hadi mjini. Mkopo wa serikali huanza kudaiwa miezi sita baada ya kumaliza masomo. Kazi ya kuigiza haina ratiba hiyo. Mwigizaji kijana hupata usaili ghafla, saa nane mchana, siku ya kazi, na jibu lake linaweza kuwa wiki nane za mazoezi na maonyesho katika jumba dogo linalolipa kidogo sana. Jumba dogo hilo ndiko mahali ambapo waongozaji humwona mtu kwa mara ya kwanza. Ndiko pia anakopata nafasi kubwa ya kutosha kumkuza, kwa sababu majumba makubwa hayampi asiyejulikana nafasi kubwa. Asiye na deni anaweza kuikubali kazi hiyo, akabana matumizi na kulala kwa rafiki. Anayedaiwa dola 658 kila mwezi hawezi. Anatafuta kazi ya mshahara yenye saa maalumu, na saa hizo ndizo zile za usaili. Mwaka wa kwanza anakosa usaili mbili tatu. Mwaka wa pili wakala anaacha kumpigia simu. Sauti aliyofundishwa kuifungua kwa miaka miwili inatumika kupokea wateja.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba deni ni suala la fedha na mafunzo ni suala la sanaa, vipimwe mbali mbali. Mwigizaji anayedaiwa huchaguliwa kazi na deni lake. Programu inayomfundisha mtu kucheza nafasi ngumu za Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Urusi, kisha ikamwachia mzigo unaomzuia kukubali kazi ya Chekhov kwenye jumba la viti 60, imeyavunja mafunzo yake yenyewe kwa mkono wa pili.

Utetezi upo, na unastahili kusikilizwa. Kipato kilichopimwa ni cha miaka ya mwanzo baada ya kuhitimu, na katika sanaa miaka hiyo ndiyo myembamba. Daktari na mwigizaji hawapandi ngazi moja. Waliohesabiwa ni wale tu waliopokea msaada wa masomo wa serikali, kwa hiyo aliyelipiwa na wazazi au aliyetoka nchi nyingine hakuonekana. Kundi lilikuwa dogo, na katika kundi dogo watu wachache huivuta namba. Tena ipo mipango ya kulipa mkopo kulingana na kipato, ambayo hushusha malipo ya mwezi.

Yote hayo ni kweli. Lakini riba haingoji miaka ya mavuno. Anayelipa kidogo kulingana na kipato mara nyingi huona deni likikua wakati yeye analipa kila mwezi bila kukosa, jambo linalomvunja moyo mtu kwa namna isiyoandikwa kwenye jedwali lolote. Na kutowahesabu waliolipiwa na wazazi hakuitetei programu hata kidogo. Kunaonyesha tu kwamba ilikuwa salama kwa wenye nacho, na hatari kwa wale ambao nchi ilitamani waje jukwaani ili jukwaa lisiwe la watoto wa matajiri peke yao.

Ambayo wizara haikuweza kuyaona

Hakuna afisa wa wizara aliyekaa kwenye darasa la sauti, wala haikuwa kazi yake. Mwombaji ndiye anayepaswa kwenda kukaa, na programu inayomkatalia mgeni kukaa nyuma ya darasa kwa siku moja imekwisha jibu maswali mengi.

Katika programu iliyoshikamana na jumba la kulipwa, kama hii, swali langu la kwanza lingekuwa kuhusu nafasi. Mwanafunzi anapopanda jukwaa kuu, anapanda kama nani? Kuna tofauti kubwa kati ya kushiriki katika tamthilia ya kulipwa na kusimama nyuma umeshika mkuki wakati aliyeajiriwa anasema maneno. Kusimama na mkuki kuna faida yake: unaona jinsi mwigizaji mzoefu anavyorudia onyesho lilelile usiku wa thelathini bila kulizeesha. Ila hiyo ni faida ya wiki chache, na haistahili ada ya miaka miwili. Ombeni orodha ya tamthilia za miaka mitatu iliyopita, na mbele ya kila mwanafunzi aliyehitimu iandikwe nafasi aliyocheza. Ni karatasi moja. Ofisi inayo.

Kisha walimu. Majina makubwa kwenye kijitabu cha programu mara nyingi ni ya wageni wanaokuja wiki mbili. Sauti haijengwi kwa wiki mbili. Anayeijenga ni yule mwalimu asiyejulikana nje, anayekuja kila asubuhi kukusikiliza ukivuta pumzi, anayejua kwamba taya lako hukaza unapofika kwenye hasira, na anayekumbuka kwamba mwezi uliopita halikukaza. Kwenye programu ya miaka miwili yenye muhula nchi ya nje, swali hili linauma zaidi: anayekufundisha Moscow kwa tafsiri ya mkalimani na anayekufundisha Cambridge wanazungumza? Au mwanafunzi anabomolewa na mmoja na kujengwa upya na mwingine, kisha anahitimu kabla hajakauka? Kukutana na mapokeo ya Stanislavski kwenye chimbuko lake ni jambo ambalo ningelitamani kwa kila mwigizaji kijana, nasema hivyo kwa dhati. Lakini tamaa hiyo ndiyo inayomfanya mwombaji asiulize.

Wahitimu maarufu nawapitia haraka. Jon Bernthal alihitimu kwenye taasisi hii mwaka 2002, na kazi yake kwenye filamu na televisheni inajulikana. Hilo linathibitisha kwamba mtu anaweza kupita pale akafika mbali. Halielezi chochote kuhusu waliokaa naye darasani. Ukitaka kuipima programu, chagua mwaka mmoja, miaka kumi nyuma, uombe majina ya darasa zima, uwatafute mmoja mmoja. Wengine utawakuta jukwaani, wengine wanafundisha, wengine wameacha. Waulize walioacha. Watakuambia kama waliacha kwa kuwa walipenda kitu kingine, au kwa kuwa walishindwa kukaa kwenye kazi kwa sababu ya malipo ya mwezi. Majibu hayo mawili yana uzito tofauti kabisa, na hakuna tovuti ya chuo itakayokupa.

Walioamua vingine

Mwaka 2016 mfuko wa wakfu wa Harvard ulikuwa na dola bilioni 35.7. Siitaji namba hiyo kwa ajili ya kukejeli. Naitaja kwa sababu inaondoa kisingizio kwamba hali haikuwezekana kuwa tofauti. Jumba la maonyesho huwa na bajeti yake na taasisi ilijitegemea kwa kiasi, najua mambo hayo hayaendi kwa kuchota kwenye kapu moja. Hata hivyo kundi la wanafunzi lilikuwa dogo, na chuo kilichowapa jina lake kiliwaachia bei waibebe wao.

Mwaka 2021 Yale ilipokea dola milioni 150 kutoka kwa David Geffen, tajiri wa muziki na filamu, shule yake ya drama ikachukua jina lake, na ada ikafutwa kwa wanafunzi wote wa kudumu. Juilliard, chuo cha sanaa za maonyesho cha New York, iliifuta ada kwa MFA ya uigizaji kuanzia mwaka wa masomo wa 2024–2025. Kule San Diego, programu ya jumba la maonyesho la Old Globe na University of San Diego huchukua wanafunzi saba kwa mwaka, inawalipia ada yote na kuwapa posho. Saba. Kila ninapoiona namba hiyo nafikiri ni uaminifu wa aina yake: chuo kimejiuliza kinaweza kuwabeba wangapi, kikachukua hao tu.

Mwombaji asidanganyike, hata hivyo, kwamba ada ikifutwa deni limefutika. Siku ya mwanafunzi wa uigizaji huanza asubuhi kwa darasa la mwili au sauti na kuishia usiku kwa mazoezi ya tamthilia, mara nyingi siku sita kwa wiki. Hana saa ya kufanya kibarua. Kodi ya nyumba na chakula kwa miaka mitatu katika mji wa gharama vinaweza kumwachia deni kubwa hata kama hajalipa ada senti moja. Kwa hiyo barua ya kukubaliwa isomwe hadi mstari wa posho, na mstari wa posho usomwe pamoja na kodi halisi ya chumba karibu na chuo.

Baada ya 2017

Taasisi ilisimamisha udahili mwaka huohuo wa 2017. Kanuni iliyoifichua haikudumu: wizara ilitangaza kuifuta mwaka 2019. Kwa miaka kadhaa iliyofuata hakukuwa na kanuni ya kuifelisha programu kwa uhusiano wa deni na kipato; mwombaji ilimbidi aupime mwenyewe.

Mwaka 2025 Marekani ilibadilisha tena masharti. Tangu 2006 mwanafunzi wa uzamili aliweza kukopa serikalini hadi gharama yote ya masomo kupitia mkopo uitwao Grad PLUS. Mkopo huo unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kwa programu kama za uigizaji kikomo kinakuwa dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Wapo watakaofurahi kwamba madeni kama ya kisa hiki yatakuwa magumu kufikiwa. Mimi naangalia pengo. Pale gharama ya mwaka inapopita kikomo hicho, kinachobaki kitatoka mfukoni mwa familia, au kwenye mkopo wa benki binafsi usio na mpango wa kulipa kulingana na kipato. Anayeshika barua ya kukubaliwa msimu huu achukue gharama nzima ya mwaka, atoe ruzuku na posho, atoe dola 20,500, kisha aiandikie ofisi ya programu aulize kwa maandishi wanafunzi waliomtangulia walilijazaje pengo lililobaki, na ni wangapi kati yao bado wanaigiza.